Luqmani, Mkata Mikoa

Mikoa ya nchi hii hugawanywa Dodoma, lakini kwenye kuta za shule za msingi za Morogoro mkoa hauhesabiwi kuwa umegawanyika mpaka Luqmani aukate kwa mkasi wa bati.

Luqmani ni mchora ramani wa Mafiga. Ramani zake si zile za wapima ardhi, ambazo mtu huzilipia kisha akazifungia sandukuni asizione tena. Zake huchorwa nje, kwenye ukuta wa darasa, kati ya jedwali la kuzidisha na picha ya moyo wa binadamu, na huonwa na kila apitaye, mbuzi wakiwemo. Namna ya kuifanya kazi hiyo ameibuni mwenyewe. Ana gunia la vipande vya bati alivyovikata kutoka kwenye madebe yaliyokunjuliwa, kila kipande mkoa mmoja. Hukiegemeza kipande ukutani, akakizungushia penseli, akakitoa, akahamia kwa jirani yake, hadi nchi nzima ikatimia. Ndipo hufungua makopo ya rangi. Tabora ni kubwa kama sinia. Dar es Salaam ni ndogo kama kiberiti, na imewahi kumpotea, ikaja kuonekana kwenye mfuko wa shati lililokwisha kufuliwa. Haikuharibika.

Sheria yake ni moja. Majirani wawili hawapewi rangi moja, na mahali pamoja hapapewi rangi mbili. Wanafunzi wakimzonga na kumuuliza kama mtu anaweza kusimama mguu mmoja Dodoma na mguu mmoja Morogoro, huwajibu kwamba anaweza, ila kila mguu utakuwa na mkuu wake wa mkoa.

Kazi hii ilimlisha kwa sababu nchi haitulii. Manyara ilipotolewa Arusha, alikata bati na kuzunguka shule moja baada ya nyingine kurekebisha. Kisha ikaja ile awamu ya mikoa minne kwa mpigo, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka ule Luqmani aliezeka jiko. Halafu Songwe ikatoka Mbeya. Watu wa kwao, milimani Uluguru, walikuwa wakisikiliza utabiri wa mvua. Yeye alisubiri taarifa ya habari. Hata Gairo ilipotoka Kilosa ikawa wilaya, ingawa wilaya si saizi ya mabati yake, aliitwa huko kuchora ramani ya mkoa kwenye shule iliyo jirani na mnada wa karanga, na wazee wakaja kusimama nyuma yake kuhakikisha kwamba mstari umepita walikotarajia. Walikuwa wamengoja muda mrefu kutokuwa Kilosa.

Kipande kimoja tu hajawahi kukigusa kwa mkasi. Kila baada ya muda huvuma kwamba Morogoro nao ni mkubwa mno, kwamba mtu wa kusini husafiri kutwa kucha kufuata muhuri, na kwamba utagawanywa. Luqmani, ambaye angepata kazi ya kila ukuta wa mkoa, husema huo ni uzushi, na huusema kwa ukali usiolingana na habari yenyewe.

Mara ya mwisho alipopanda ngazi ilikuwa kwenye shule anayofundisha Mwalimu Martina, mama wa makamo aliyehamia Morogoro kwa kazi akabaki kwa mazoea. Mwalimu alitaka zaidi ya mikoa.

"Fundi, nichoree na kanda."

"Kanda za nani, mwalimu?"

"Za nani tena? Za nchi."

"Nchi haina kanda moja. Wa kilimo wana zao, wa barabara wana zao, vyama vina zao. Wa hali ya hewa wanaukata Morogoro huu vipande viwili: kaskazini wanaulaza na Tanga na Dar es Salaam, kusini wanauachia mawingu yake peke yake."

"Na wewe unaukata?"

"Mimi siukati. Wao wana mvua, mimi nina rangi."

Martina alicheka. "Lakini kanda watoto wanazijua, fundi. Wanasema Kanda ya Ziwa kila siku."

"Wanasema. Mtu anaishi Kanda ya Ziwa na ziwa hajaliona. Nyanda za Juu Kusini mpaka wake uko wapi? Pale unapoanza kutafuta sweta. Sasa sweta nitaipaka rangi gani?"

"Haya bwana. Basi weka Songwe yangu vizuri. Mimi nimezaliwa Mbeya, nikaja kufundisha huku, nikienda kwetu naambiwa karibu Songwe. Nyumba ya baba haijasogea hata tofali."

"Iliuma?"

"Kuuma? Hapana." Mwalimu alifikiri kidogo. "Ila mara ya kwanza niliandika Mbeya kwenye fomu, nikafuta. Pale nilipofuta palibaki alama."

Luqmani alichora Songwe vizuri. Akachora na zilizobaki, akapanda juu kushoto kumalizia Kagera, na Kagera ndiko alikoangukia. Nyonga ilishtuka. Hospitalini walimtazama nyonga, wakamtazama na macho, wakamwambia nyonga itapona lakini macho yote mawili yana mtoto wa jicho, la kulia limekomaa. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kuanguka: aliona vipago viwili vya ngazi palipokuwa na kimoja, akachagua kile ambacho hakikuwepo.

Akiwa amelala Mafiga, mguu juu ya mto, aliacha kuifikiria nchi akaanza kulifikiria shamba.

Shamba lenyewe liko Kinole, upande wa mashariki wa Uluguru, ule unaopata mvua hata miezi ambayo upande wa pili wa mlima wanatazama anga. Ni mteremko mmoja unaoshuka hadi kwenye kijito. Luqmani alionyeshwa mteremko huo na mjomba wake, kaka wa mama, alipokuwa kijana. Na kwa Waluguru kuonyeshwa na mjomba ndiko kupewa, maana ardhi ni ya lukolo, ukoo unaoshuka kwa mama. Akapanda mikarafuu. Akapanda mifenesi na kuipandishia pilipili manga. Miti hiyo imezaa, imezeeka kidogo, na imemlea binti yake mmoja, Mwanvita.

Mwanvita alifiwa na mama mapema, akakulia Kinole katika nyumba ya Rehema, binti wa mama mkubwa wake Luqmani, ambaye leo ndiye mama mkuu wa ukoo. Alikula sahani moja na watoto wa Rehema na kuchapwa kwa fimbo moja nao. Akaolewa mjini, ndoa ikavunjika, akarudi Kinole, na kwa miaka mingi sasa ndiye anayepalilia, anayepanda juu ya mikarafuu kwa kamba, anayeanika. Baba yake hupelekewa gunia na simu ya kumuuliza kama limefika.

Shida ni kwamba Mwanvita si wa ukoo wa Kinole. Mtoto ni wa upande wa mama yake, na mama yake alitoka Matombo, ng'ambo ya vilima kadhaa. Huko Matombo Mwanvita ana haki ya kuonyeshwa ardhi na watu ambao hawakumbuki sura yake. Kinole ana miti iliyopandwa na baba yake juu ya udongo usio wa baba yake wala wake. Baba akiwa hai hakuna anayeuliza. Baba akiondoka bila kusema neno, miti hufuata udongo, na Mwanvita atateremka mlima na begi lake.

Luqmani aliuliza kote. Shehe wa mtaa alimwambia binti ana fungu lake katika mali ya baba, na akalitaja. Ofisi ya kijiji ilimwambia ardhi ya kijiji ina taratibu zake, aje na majirani. Rehema alimwambia kwa simu ardhi ni ya ukoo, na aache kuuliza watu wasioijua. Wote watatu walikuwa sahihi. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake Luqmani kukuta mahali pamoja pana rangi tatu, na pahali penyewe pakawa pake.

Akafanya alichozoea kufanya. Alitafuta bati, akakata umbo la mteremko kama anavyoukumbuka, upana juu, wembamba kijitoni. Akalikata katikati. Nusu akaipaka nyekundu, ya Mwanvita. Nusu kijani, ya ukoo. Mstari aliupitisha kwa haki kabisa: karafuu nyingi zilikuwa upande wa kijani. Nyonga ilipomruhusu, akapanda gari la Kinole na mabati yake ndani ya mfuko wa nailoni.

Kikao kilikaa barazani kwa Rehema. Walikuwepo wazee wa ukoo, alikuwepo Mwanvita, amekaa kwenye ukingo wa baraza na kanga mabegani, na alikuwepo Kondo. Kondo si wa ukoo. Ni mtani wake. Ukoo wake na ule wa Rehema ni watani tangu zamani, na kazi ya mtani kwenye kikao ni kuyasema yale ambayo wenye ukoo wakiyasema wenyewe watagombana.

"Shikamoo dada," Luqmani alisema.

"Marahaba. Mguu unaendeleaje?"

"Unatembea."

"Mguu wa mzigo huo," Kondo akadakia. "Amebeba mkoa. Hebu tuone, leo umetuletea mkoa gani?"

Luqmani alitoa vipande viwili akavilaza mkekani, akaviunganisha. Akaeleza. Hapa ni mfenesi mkubwa, hapa kijito, hapa mstari. Alieleza vizuri, kama anavyowaeleza walimu wakuu.

"Kwa hiyo," Kondo alisema polepole, "mimi nikiwa kunguru, nimetua kwenye mkarafuu wa mstarini, nalala kwa Mwanvita au nalala kwa Rehema?"

Wazee wakaguna. Mmoja alicheka ndani ya kofia.

"Usitanie, Kondo."

"Nisitanie? Wewe umeleta bati la samli kwenye kikao cha watu wazima, halafu nani anatania?" Akaokota kile kipande chekundu, akakigeuza chini juu. Upande wa pili ulikuwa mtupu, umeshika kutu. "Huku hukupaka. Rangi umepaka ya miti. Huku chini ndiko waliko mama zako, mmoja juu ya mwingine, na hukuwapa hata kijiko cha rangi."

Hilo halikuwa la kuchekwa, na halikuchekwa. Luqmani akatazama mikono yake.

Rehema ndiye aliyesema. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo watu hunyamaza ili waisikie.

"Luqmani, sisi hatukati. Udongo ukiukata, wenye kukatwa ni waliomo. Lakini njia ipo, na wewe unaijua tangu mtoto. Mgeni akilima kwetu anatoa ngoto. Kila msimu analeta kidogo cha alichovuna, anaweka hapa, anasema shukrani. Miti inabaki yake, na ya wanawe, mpaka mti wenyewe ufe. Udongo unabaki wetu. Hakuna anayemwondoa."

"Ngoto anatoa mgeni."

"Ndiyo."

"Mwanvita si mgeni."

"Ndiyo shida yake," Rehema alisema. "Angekuwa mgeni, angekuwa na haki."

Luqmani alijua kilichobaki kusemwa, na Rehema akakisema hata hivyo, maana lazima kisemwe. Mgeni hajileti. Huletwa na yule aliyemwingiza kwenye ardhi. Baba atamshika mkono binti yake, atasimama naye mbele ya baraza hili, atatamka: nimewaletea mgeni. Kabla ya hapo ngoto haipokewi.

"Dada. Huyu umemnyoa mwenyewe nywele za utoto. Amelala mgongoni kwako. Leo nisimame hapa nimwite mgeni?"

"Unadhani mimi naipenda hiyo sauti?" Kwa mara ya kwanza Rehema alipandisha yake. "Nina mjukuu, Mwanahawa, hata shule hajaanza. Nikikuachia hivi hivi kwa sababu nampenda Mwanvita, kesho wajukuu wa Mwanvita watasema bonde lote ni la babu yao, na Mwanahawa wangu ataenda kuomba kwao pa kuchomeka mihogo. Bonde la pale chini lilienda hivyo hivyo. Kwa kupendana."

Luqmani aliyaacha mabati mkekani akaondoka barazani bila kuaga. Kwa mtu wa umri wake ni jambo kubwa, na wazee walilijadili kwa namna iliyostahili.

Mwanvita alimfuata shambani. Alimkuta amekaa kwenye mzizi wa mfenesi, amefumba jicho la kulia ili la kushoto lione.

"Baba, miti unaiona?"

"Naona ukijani."

Akakaa karibu naye. Mwanvita ana viganja vigumu kuliko vya baba yake. Rangi hulainisha mikono, kamba haifanyi hivyo.

"Hivi ile mikoa unayokata. Ukishakata, watu wake wanahama?"

"Hawahami. Wahame waende wapi?"

"Wanaamka palepale."

"Palepale."

"Jirani yuleyule, kisima kilekile."

"Mwanvita, usinifundishe kazi yangu."

"Sikufundishi. Nakuomba unikate na mimi. Mimi nitaamka palepale."

Mzee alilifumbua jicho la kulia, akalifumba tena. Baadaye alisema, "Mwalimu mmoja aliniambia pale alipofuta palibaki alama."

"Ibaki," Mwanvita alisema. "Alama si begi."

Walirudi kwa Rehema Ijumaa iliyofuata, baada ya swala. Safari hii Luqmani alikuja mikono mitupu, na ule wa kulia akauweka ndani ya mkono wa binti yake. Mwanvita alishika kikapu kidogo cha karafuu kavu na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Kondo alikuwepo, amekaa mahali pake, na kila mtu alimtazama akitarajia neno. Alivua kofia akaiweka gotini. Mtani naye huwa ana siku anazojua hazimhusu.

Luqmani alisimama mbele ya baraza. Akakohoa. Akaanza na salamu, akauliza hali za watu ambao alikuwa amekwisha kuwauliza, akataja mvua. Rehema alimngoja. Mwanvita akaubana mkono wake.

"Sema, baba."

"Nimewaletea mgeni," Luqmani alisema.

Sauti ilikuwa ile ya kawaida. Watu waliokuwa nyuma baadaye walisema hawakusikia kitu cha ajabu. Rehema alipokea kikapu kwa mikono miwili, akatoa punje moja ya karafuu akaitia mdomoni, kama ilivyo desturi, na akaitafuna muda mrefu kuliko desturi inavyotaka. Kisha akasema miti imejulikana, mwenyewe amejulikana, na aliyemleta amejulikana. Jogoo alichinjwa. Watu wote walikula, na Mwanvita aliletewa sinia lake pembeni, pamoja na wageni wengine wawili waliokuwepo, yaani Kondo na dereva wa bodaboda.

Shule ya Mwalimu Martina ilimaliziwa ramani na kijana mmoja wa mjini, kwa vipande vya Luqmani. Kijana ana haraka. Kagera aliipa rangi moja na Geita, na hakuna mwanafunzi aliyelalamika isipokuwa mmoja anayetoka Geita. Luqmani alifanyiwa jicho moja, akahamia Kinole kuishi na Mwanvita. Gunia la mikoa alimwachia kijana, isipokuwa Morogoro, ambao alipanda nao na sasa unaanikiwa mdalasini. Mabati mawili ya shamba alibaki nayo Kondo. Lile jekundu amefunikia mtungi, lile la kijani banda la kuku, na akiulizwa husema yeye ndiye mwenye shamba lote.

Msimu wa karafuu ulipokuja, Mwanvita alijaza kikapu cha ngoto, na Luqmani akasema atamsindikiza, kwa kuwa jicho jipya lilikuwa likitafuta matumizi. Njia ni fupi. Nyumba ya Rehema ilikuwa kama ilivyokuwa siku zote: mlango wazi, moshi wa jikoni, na yule mtoto Mwanahawa kizingitini anachambua mchicha. Mwanvita ameingia mlango huo akiwa anatambaa, ameingia akikimbia, ameingia amebeba maji, ameingia analia. Hakuna siku aliyowahi kuulizwa.

Alisimama uani, nje ya kivuli cha paa, kikapu kichwani.

"Hodi," aliita.

Mwanahawa aliinua uso, akamshangaa. "Mama mdogo, si uingie tu?"

Mwanvita hakuingia. Luqmani, hatua chache nyuma, aliona vyote kwa ukali ambao hakuwa ameuzoea: kizingiti, kanga, kikapu, kidevu cha binti yake kilichonyanyuka kidogo. Huko ndani chombo kiliwekwa chini.

"Karibu, mgeni," sauti ndogo ya Rehema ilijibu.

Mwanvita akavua ndala, akaziacha nje, akaingia.